Mashine ya Debora na Jina la Ng'washi

Jumatatu, 24 Novemba
Programu ya Debora imekubaliwa. Kikundi chetu chote cha mpunga kitaitumia kupanga zamu za trekta. Mwanangu huyu, niliyembeba mgongoni nikipandikiza mpunga kule kijijini Mbingu. Mwenyekiti kasema mbele ya watu kwamba mimi nimezaa. Nimezunguka mtaa wetu wote wa Mlabani leo na sikuwa na cha kununua.

Unatuma jina kwa simu, mashine inakupa zamu. Mwisho Ijumaa. Atakayekosa atalimia jembe la mkono, na mvua hiyo inakuja.

Nimemuuliza Debora mashine inasomaje majina. Anasema haisomi, kwake kila herufi ni namba. A kubwa ni sitini na tano, a ndogo ni tisini na saba. Sasa ndogo inakuwaje kubwa kuliko kubwa? Nimetikisa kichwa kama mtu aliyeelewa.

Jumanne, 25 Novemba
Nimetuma langu. Nimepata. Nimewaonyesha simu mpaka wauza nyanya.

Jumatano, 26 Novemba
Siku mbaya. Jirani yangu Ng'washi, Msukuma, tumepalilia pamoja tangu Debora hajaanza shule, ametuma jina na kurudia. Mashine inamjibu: jina si sahihi. Kaja na simu mkononi.

"Mama Debora, jina nililopewa na bibi yangu mwanao anasema si sahihi. Mlitaka niitweje?"

Nikamwambia atumie Maria, la ubatizo.

"Maria ni wa kanisani. Shambani mimi ni Ng'washi."

Kaondoka, chai kaiacha. Nimesema vibaya. Nilikuwa namkinga mwanangu.

Alhamisi, 27 Novemba
Bombani mama mmoja wa kikundi kacheka, eti hata mashine imewajua wa kuja. Ng'washi alikuwepo. Katua ndoo.

"Maziwa ya ng'ombe wetu mnakunywa. Na ng'ombe naye si sahihi? Jina lake linaanza kama langu."

Watu wakacheka. Mimi nilitamani kuingia ndani ya ndoo.

Nimemuuliza Debora kwa ukali kama alimfanyia makusudi. Amelia. Kumbe aliiambia mashine ipokee herufi za Kiingereza tu, A mpaka Z, na kile kialama cha juu baada ya Ng hakimo humo. Chuoni ndivyo walivyofundishwa, na majina ya kujaribia yalikuwa John na Mary. Mimi sielewi. Kitu kidogo kuliko punje ya mchele kinamnyimaje mtu trekta? Na nani alikaa akapanga kwamba herufi zinaishia pale? Debora naye hajui. Nilidhani chuoni wanajua.

Nina hasira na sijui nimkasirikie nani. Kesho ndiyo mwisho.

Ijumaa, 28 Novemba
Debora amerekebisha asubuhi, kisha kaenda kwa Ng'washi mwenyewe. Kapiga goti, shikamoo mama, nisamehe. Mimi nyuma na bakuli la perege wa kukaanga, maana mdomo wangu sikuuamini.

Ng'washi katuma jina. Limepita. Hakuamini. Katuma la mama yake, likapita. Katuma la dada yake. Mwisho katuma la bibi yake aliyempa jina, marehemu wa siku nyingi. Naye kapewa zamu. Tumecheka mpaka kuku wamekimbia. Halafu Ng'washi kabaki anaiangalia simu.

Debora kasema majina ya ziada itabidi ayafute.

"Futa, mwanangu. La bibi liache mpaka kesho."

Tumekula samaki wote. Habari ya namba za herufi bado imenipita, na sijamwambia mtu.

Trekta inaanza Jumatatu. Ng'washi kasema tusitangulie, atatupitia. Tutakwenda wote, Jumatatu.