Nionyeshe Inapobana

Jumatatu, 3 Machi

Leo kliniki. Benchi tangu saa moja mpaka saa tano na nusu. Ndani — dakika nne! Daktari hata hajaniangalia, kalamu tayari mkononi. Habari za nyumbani? Nzuri. Unaendeleaje? Vizuri, nashukuru. Mtoto? Hajambo. Akaandika. Ndipo nikaanza, ila daktari, hapa kwenye mshono... Akasema hiyo kawaida, ulipasuliwa, mwili unajirudi. Vidonge vilevile. Nirudi baada ya wiki mbili. Anayefuata!

Kawaida. Miezi mitano na nusu tangu wamtoe Bosi wangu tumboni kwa kisu, bado kawaida. Kwa nje pamefunga vizuri, hata nesi amesifu. Ndani ndiko kuna mtu ananifinya. Nikikohoa ananifinya. Nikiinuka kitandani ananifinya. Nikimbeba Bosi anafinya kwa kucha, anageuza na mkono.

Jumanne, 4 Machi

Mama Mkasi amepita. Si jina lake, ni ule mkasi anaouning'iniza shingoni mpaka msibani. Ndiye msimamizi wetu kule tunakoshona sare za shule. Hakukaa hata kidogo. Sare zimejaa mpaka mlangoni, cherehani yangu ya dirishani amemkalisha binti mwingine, "kwa muda tu". Amenivumilia vya kutosha, nisimwone mbaya. Jumatatu tarehe kumi na saba, kabla ya mapumziko ya mchana, ama nimekaa kwenye kiti changu ama kiti ni cha binti.

Nikasema nitakuja. Nikainuka kumsindikiza — nimeshika meza, nimeshika ukuta, nimeshika mlango. Akanitazama. "Utakuja na hizo kuta?"

Nikacheka. Nikafinywa.

Tarehe kumi na saba ndiyo hiyohiyo ya kliniki! Mimi na bahati yangu.

Alipoondoka nikakaa kwenye kiti nikakanyaga sakafu kama nakanyaga cherehani. Kwa makisio yangu nilimaliza nusu kola. Mtoto wa shule atavaa nusu kola?

Alhamisi, 6 Machi

Kila mtu daktari siku hizi. Mume wangu kaja na mafuta ya kuchua, kapewa na mwenzake kule wanakochomelea mageti. Yananuka kama mnyororo wa baiskeli. Nimepakwa. Sasa nina maumivu na harufu. Jirani anasema mama yake alizaa saba, kesho yake yuko shambani. Shoga yangu anasema ni mawazo, nisiwaze. Niwaze, nisiwaze, kucha ni ileile!

Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Basi waje walale wao, mimi nikawachue.

Ila mume wangu ananipaka taratibu, na mikono yake ile migumu. Anauliza, hapa? Hapa? Namwambia kote, kote tu. Sijui hata niseme wapi.

Jumamosi, 8 Machi

Sitaki kuandika haya lakini nitamwambia nani.

Bosi ameamka analia. Mama mkwe alikuwa amekaa mkekani, mimi kitandani. Wote wawili tukanyoosha mikono. Bosi akanitazama mimi, akamtazama bibi yake. Akaenda kwa bibi yake! Akajilaza begani kwake, akanyamaza papo hapo.

Mama mkwe akacheka, "Eeh, mume wangu kanizoea!"

Ana makosa gani? Anafua nepi, anapika, anambeba mchana kutwa ili mimi nisiinue kitu. Mgongo wake wenyewe mbovu. Mwanamke mzuri. Na leo nimemchukia dakika tano nzima.

Mtoto anamjua anayembeba. Mimi ananijua kama chupa ya maziwa tu.

Jumapili, 9 Machi

Bado inauma. Sina la kuongeza.

Jumatatu, 10 Machi

Nimejikokota mpaka kazini, nikaombe wiki moja zaidi. Nimemkuta Mama Mkasi na mwalimu mmoja aliyerudisha sketi. Mwalimu kanuna, anasema sketi haikai vizuri. Mama Mkasi: "Haikai vizuri ndiyo nini, mwalimu? Ivae. Inama. Sasa nionyeshe inapobana." Akaivaa, akainama, akaonyesha. Mama Mkasi akatia chaki palepale. Alama moja. Kesho ije kuchukuliwa.

Nimeyasikia maneno hayo miaka minne. Kila siku!

Akanigeukia. Wiki ya kuongeza hana, nisimwombe. Ila daktari nilimwambiaje? Nikamweleza. Habari za nyumbani, nzuri, unaendeleaje, vizuri...

Mkasi nusura umdondoke. "Ulimwambia vizuri? Na wewe ni fundi wangu niliyekufundisha mwenyewe! Unampelekea mtu nguo mbovu, unamwambia nzuri, halafu unalia hairekebishwi!"

Nikajitetea, mama, ni salamu tu, utamjibuje mtu mzima mbaya? Akasema yule hakusalimii, yule anaandika. Wenzangu wakaangua kicheko mpaka cherehani zikasimama. Binti wa dirishani naye kacheka — kwenye kiti changu!

Nilipofika mlangoni Mama Mkasi akanitupia kipande cha chaki.

Jumatano, 12 Machi

Siku mbili natembea na chaki mfukoni. Kila nikifinywa, nafunua nguo, natia alama pale. Jasho linafuta, naweka tena. Mama mkwe kanikuta nimeinamia tumbo langu mbele ya kioo. "Makubwa! Mwanangu, umekuwa kitambaa?"

Nilipomweleza hakucheka tena. Alileta gazeti kuukuu. Nililala chali, akalitandika juu ya tumbo, tukalikata kama tunavyokatia mfano wa nguo kazini. Kitovu hapa. Mshono huu, kutoka huku mpaka huku. Kila alama ya chaki tukaihamishia kwenye karatasi kwa kalamu.

Alama kumi na tisa. Zote mahali pamoja! Mwisho wa mshono, upande wa kulia, padogo pa kufunika kwa kidole gumba.

Na mimi nilivyokuwa nasema kote. Kote, kote. Nimekaa nikiitazama ile karatasi, nikamhurumia mume wangu na mafuta yake yote aliyoyamaliza upande wa kushoto.

Ijumaa, 14 Machi

Mama mkwe ananifanyisha mazoezi. Amevaa miwani yake, amekaa nyuma ya meza, kijiko ndiyo kalamu.

"Habari za nyumbani?"

"Nzuri."

Kijiko mezani, pwaa! "Toka nje! Anayefuata!"

Tukarudia. "Habari za nyumbani?" Nzu... Pwaa! Mara ya tatu nikafumba macho nikasema "Mbaya!" — kwa sauti, kama natukana. Nikajiziba mdomo. Kwa mama mkwe! Bosi akacheka mpaka kwikwi. Mama mkwe naye. Na mimi, nimeshika mbavu, nafinywa, nacheka, nalia.

Nimeweka karatasi ndani ya daftari hili isijikunje.

Jumatatu, 17 Machi

Niko kliniki, kitandani kwa daktari, naandika nimelala chali. Saa kwenye ukuta inasema saa nne na robo. Mume wangu kapita kwa Mama Mkasi asubuhi kumwambia niko huku. Jibu lake: mapumziko ni saa sita, sikuyapanga mimi.

Daktari ni yuleyule. Kalamu ileile. "Habari za nyumbani?" Mdomo wangu ukaanza wenyewe, nzu... Nikausimamisha. "Naumwa, daktari." Nikalaza gazeti juu ya makaratasi yake.

Akadhani nimemletea habari asome! Nikamwonyesha: kitovu, mshono, alama. Akatazama muda. Akaniambia nipande kitandani. Akaweka kidole kimoja, palepale, akasema inua kichwa. Nilipiga ukelele mpaka nesi kachungulia.

Anasema huenda mshipa wa fahamu umenaswa kwenye kovu. Huenda. Atachoma sindano ya ganzi hapo: maumivu yakikata, mwizi kajulikana, ndipo tuzungumze tiba. Yasipokata, basi tuanze upya. Nikamwuliza, leo nitakanyaga cherehani? Akasema tuchome kwanza. Kaenda kuchukua dawa. Nisiinuke. Gazeti langu kaondoka nalo, nalisikia mezani kwa nesi, wanalibishania.

Saa nne na nusu. Bado hajarudi! Wanaishona hiyo sindano?

Mama mkwe yuko mlangoni na Bosi. Bosi kachoka, analia. Bibi anambembeleza, anamweka begani, hataki. Anajikunjua, anageuka.

Amenyoosha mikono. Huku. Kwangu!

Mama mkwe ananitazama. Nimlete, mwanangu, au tungoje sindano? Nyayo za daktari zinakuja.

Mlete, nimemwambia. Mlete, mama — upande wa kushoto.