Mlango Unaofunguliwa kwa Nje

Rosettenville, Johannesburg
Jumapili asubuhi

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Nakuandikia nikiwa mzima wa mwili, na nakuombea nawe uwe hivyo hivyo, goti lisikusumbue kwa mvua hizi, na pumu ya Baba Mdogo iwe imetulia. Huku baridi imeshaingia. Navaa soksi mbili mbili kama mtoto wa arubaini, ungeniona ungenicheka mpaka ukae chini.

Barua yako Nusaiba ameniletea, na hii atakuja nayo yeye akirudi Tanga wiki ijayo. Najua utauliza kwa nini sikupiga simu. Nilipiga mara mbili, nikakusikia unaitika, nikakata. Kwenye karatasi angalau hakuna pa kukatia.

Unasema Bushra amepata posa, mtu wa watu, mwalimu, mwenye subira. Unasema Bushra mwenyewe yuko tayari kumkataa mwalimu huyo iwapo mumewe, ndugu yangu Khatibu, atatamka kwa kinywa chake kwamba anarudi, japo neno moja. Miaka mitatu mke hashibi salamu, umeniandikia, na wewe mama mtu hushibi pia. Nimeisoma sentensi hiyo mara nyingi, Mama, na kila nikiisoma naona haya.

Kwanza nikueleze kazi yangu, maana sijawahi kukueleza sawasawa. Ofisi yetu iko Randburg, ghorofa ya pili, juu ya duka la magodoro. Tuko watu kumi na mmoja na tunajibu maswali ya abiria wa meli za kitalii zinazotia nanga kwenye kisiwa kimoja cha bahari ya Karibi, Santa Odila. Sijawahi kukikanyaga. Meli inafika asubuhi na watu elfu tatu, saa kumi na moja jioni inapiga honi, wanaondoka. Kabla ya kufika wanataka kujua watoto waogelee wapi pasipo na mawimbi, boti yenye sakafu ya kioo inaondoka saa ngapi, kasa wanaonekana lini, bibi wa kiti cha magurudumu atafikaje ufukweni. Watoto wana ngome yao ya maharamia, wanapewa ramani, wanatafuta sanduku la hazina. Nakijua kisiwa kile kuliko mtaa wetu wa Ngamiani. Ukiniuliza choo kiko wapi nitakuelekeza nikiwa hapa hapa na soksi zangu.

Huko ndiko nilikokwambia Khatibu alishukia baada ya kuzamia meli pale Durban. Nilisema amepata kazi ya kuwaongoza watoto wa abiria, na kwamba mtandao ni mbovu na karatasi zake bado.

Sasa nisikilize vizuri. Ofisini sijawahi kulitaja jina la Khatibu, hata kwa bahati mbaya. Mwezi wa tatu mama mmoja wa watoto wawili alituandikia kushukuru. Alisema kati ya yote waliyoyaona, wanawe walimpenda zaidi yule kijana Khatibu aliyewahesabia kaa mchangani kwa lugha wasiyoijua, mosi, pili, tatu. Nilicheka, Mama. Nilidhani Falonne, Mkongo ninayekaa naye meza moja, amechungulia barua zangu kwako, ananitania.

Wiki ile ile wakaja wengine. Mmoja alisifu ukarimu wake, ila akashangaa mbona shati lake la mistari ya kijani limelowa muda wote na jua ni kali vile. Lile shati ulilomshonea wewe. Bibi mmoja alilalamika kwamba mjukuu wake alishikwa mkono na kiongozi huyo, na kutu imeganda kwenye gauni, haitoki kwa sabuni wala kwa ndimu, tumshauri afanyeje. Akatuma na picha. Watoto wanne wamesimama ufukweni wameshikana mikono, ila kati ya wa pili na wa tatu pana nafasi ya mtu mzima, na mikono yao ya upande huo imenyanyuliwa juu, kama mtoto anayeshikwa na mkubwa. Nafasi yenyewe ni tupu.

Nikawauliza wenzetu wa kisiwani. Wakajibu kwamba viongozi wa watoto wako sita, wote wanawake, na jina hilo hawajawahi kulisikia. Falonne aliitazama ile picha, akasema eish, yeye mambo ya wafu hapana, akabeba kompyuta yake akahamia meza ya dirishani. Mimi nilibaki nikiihesabu ile mikono iliyonyanyuliwa.

Khatibu wa kisiwani nilimtunga mimi, Mama. Hakuwahi kufika huko. Uliponiuliza yuko wapi, nilikitaja kisiwa nilichokuwa nacho kwenye kompyuta.

Alhamisi iliyopita baba mmoja aliandika. Mwanawe wa miaka saba halali tangu waondoke Santa Odila. Anazunguka meli nzima akitafuta mlango wa chuma wa mviringo. Anasema Khatibu aliwaomba watoto wote, mkirudi melini utafuteni, una nati nne, na unafunguliwa kwa nje tu. Baba huyo aliuliza kwa upole kama hilo ni sehemu ya mchezo wa maharamia, na mchezo unaishaje.

Mama, mlango ule niliufunga mimi.

Pale Durban tulizamia sote wawili. Khatibu alitaka tujifiche karibu na injini. Mimi, mjuaji, nikasema chumba cha mnyororo wa nanga ndicho kisichokaguliwa. Ilibidi mmoja abaki nje aufunge, ili mabaharia wasishuku, kisha afungue tukishafika bahari kuu. Nikajiteua. Aliingia akinitania nisilale nikamsahau. Nilikaza nati zote nne, nikasikia mbwa wa wakaguzi, na miguu ikanishusha ngazi. Nikawa nje ya uzio. Meli iliondoka, ikasimama mbali kidogo kungoja zamu ya kujaza mafuta, nikajua inatia nanga. Mnyororo ule ukiteremka, Mama, mle ndani hamna pa mtu kusimama. Mlinzi wa geti alikuwa hatua kumi kutoka kwangu, anakula mkate. Tangu meli iondoke gatini mpaka isimame nilikuwa na muda wa kumwambia. Sikuwa na karatasi, nikaogopa kurudishwa nyumbani, nikanyamaza.

Baba wa yule mtoto nilimjibu kwamba mchezo umekwisha. Kesho yake wakaandika wazazi wengine watatu, wakiuliza mlango ule ule.

Usimngoje tena, na Bushra asimngoje. Mwambie sheikh amswalie ghaibu, msome khitma, Bushra akae eda, akimaliza mwalimu aje. Radhi sikuombi leo, sina uso huo. Kesho nakwenda Durban, kwenye kituo cha polisi cha bandarini, kuwatajia jina la meli na siku. Wakinirudisha, nitakuja kukaa mbele yako unihukumu.

Nusaiba hajui kilichomo humu, msimlaumu.

Nisalimie Baba Mdogo na majirani wote. Nisalimie Bushra. Salamu zote alizopata za mumewe kwa miaka mitatu niliziandika mimi, ila hizi ni zangu.

Mwanao aliyebaki,
Twalib