Gitaa Nililonunua Bila ya Kulipiga

Kwako Baba, uliyekuwa ukinirejeshea kila nilichoandika kikiwa na wino mwekundu pembeni,

Wiki mbili zilizopita nilikwenda Mabela nikanunua gitaa la umeme kwa mtu aliyekwisha kulitumia. Ni gitaa la hali ya juu, la aina ile tuliyokuwa tukiitazama mimi na wewe kupitia kioo cha duka bila ya kuingia ndani. Sikulipiga kabla ya kulinunua. Mimi, ambaye sinunui hata samaki bila ya kumfunua mashavu. Nakuandikia nikueleze kwa nini, na naiandika barua wazi kwa sababu nikiiandika kwa siri sitaimaliza.

Gitaa letu la kwanza lilikuwa jekundu. Ulilipata Matrah, kwenye uchochoro wa nyuma ya soko, kwa bwana mmoja aliyeuza redio na pasi za nguo, na gitaa hilo moja tu, ambalo mwenyewe hakujua limefikaje dukani kwake. Siku za kazi ulikuwa mtu wa idara ya umeme: kanzu imenyooka, kilemba, kalamu mfukoni. Ijumaa baada ya chakula cha mchana ulirudi kuwa kijana wa Unguja aliyepiga dansi kabla ya kuhamia huku Uarabuni. Sauti uliishusha mpaka mwisho, kwa sababu Mama alisema majirani wa Hail wanatujua kwa heshima, wasije wakatujua kwa jengine.

Nilikuwa na miaka kumi na moja ulipokiweka kidole changu juu ya uzi. Nilikuwa nabinya kwa nguvu zangu zote, ulimi nje.

"Usiukamue, bibi, hamjagombana," ulisema. "Weka kidole nyuma ya hiki chuma cha shingoni, uzi utalia wenyewe."

Nikakuuliza nitajuaje kama nimepatia. Ukanambia uzi ukilia safi, nimepatia. Ukivuma kama nzi ndani ya kopo, ama kidole hakina nguvu, ama shingo ya gitaa imepinda. Sababu ni hizo mbili tu, ulisema, na mpigaji mvivu siku zote huichagua ya pili.

Ya pili tuliijua mwezi wa Juni, ulipolisahau gitaa kwenye buti ya gari siku nzima. Shingo ikapinda kwa joto, nyuzi zikavuma hata chini ya vidole vyako. Fundi mmoja wa Ruwi alilinyoosha, lakini hukuliamini tena. Ndipo tulipoanza kusimama mbele ya kile kioo. Ulikuwa ukiyatazama yale magitaa kama mtu anayechagua mchumba kwa mbali, ukisema iko siku tutanunua la kufa na kuzikana. Siku haikufika. Kulikuwa na nyumba ya kumaliza, na ndugu zangu, na safari za Unguja kumuona Bibi.

Kisha likaja jambo la kahawa. Desturi unaijua kuliko mimi: mwenye dele, birika la kahawa, haachi kukumiminia mpaka umtikisie finjani, ndipo anapojua umetosheka. Wewe ulikuwa mnywaji wa finjani tano. Idi moja, nyumbani kwa Ami, ndugu yako, ulikunywa ya kwanza, ukainyoosha finjani upewe nyengine, na mkono ukaitikisa wenyewe. Mtoto wa Ami, aliyekuwa akimimina, akaipokea kwa adabu, akahamia kwa mtu wa pili. Nilikuona ukilifuata dele kwa macho mpaka mwisho wa chumba.

Tangu hapo ulikunywa moja kila nyumba, na watu wakakusifu kwamba umepunguza kahawa, umeangalia afya yako. Nilikuuliza mara moja mkono una nini. Ukasema umeulalia. Kazini, mtu akinijibu hivyo, naliuliza swali lile lile kwa njia nyengine mpaka anijibu kweli. Kwako sikuuliza tena.

Sasa nije kwangu. Miaka thalathini na moja nimefanya kazi ya habari. Nimesimama ukingoni mwa wadi, korongo kavu lililojaa maji ya mvua, magari yakipita yamelala ubavu, nikasoma taarifa bila ya kukosea neno. Nimewauliza watu siku ya msiba wao yale ambayo lazima mtu ayaulize. Wenzangu husema sina mishipa. Ninayo, nimezoea tu kutokwenda nayo kazini.

Miezi minne iliyopita kidole cha mwisho cha mkono wangu wa kushoto kilianza kunicheza. Mwanzo nilipokuwa nimeshika daftari, kisha hata mkono ukiwa umelala juu ya paja. Nacho kina umri, nilijiambia, kama mwenyewe. Lakini kinacheza kama chako, Baba. Ni mwendo ule ule.

Hofu hii haipigi kelele. Iko nami kwenye taa za barabarani, nikiuangalia mkono juu ya usukani. Iko nami kwenye foleni ya duka, mkono nimeutia mkobani kama mtu aliyeficha kitu. Nasahau nilichokuja kununua. Nimewahi kuogopa maji na nimewahi kuogopa watu, na mara zote niliweza kurudi nyuma hatua mbili. Hapa sina pa kurudi, nnachokiogopa nakwenda nacho.

Ndipo nilipoliona tangazo la gitaa. Rangi ya asali iliyoungua, ubao wa shingo mweusi wa mpingo, mwenyewe ameandika amelitunza miaka ishirini. Nilijiambia kwamba mtu anayenunua gitaa la maisha yake yote bila shaka ana maisha ya kulipigia. Hoja kama hiyo ungeipigia mstari mara mbili.

Muuzaji anaitwa Mohsin, mstaafu wa uwanja wa ndege, wazee wake walitoka Pemba. Nyumba yao ni mpya, bado inanuka rangi. Mkewe, Bi Zayana, alileta halwa na dele, na kabla sijakaa vizuri mume ameshaanza kunishitakia.

"Nna magitaa matatu na mke mmoja, dada. Na yeye ndiye aliyenambia nchague."

"Nlimwambia apunguze," alisema Bi Zayana, akinimiminia. "Ningemwambia achague, angenitoa mimi."

Nilikunywa finjani tatu, ingawa kawaida yangu ni moja. Kwa mkono wa kulia, na finjani ilitulia. Ule wa kushoto niliukalia.

Nililikagua gitaa kama ulivyonifundisha. Nilichungulia shingo kutoka mwisho wake, jicho moja nimelifumba. Nilisoma nambari za kiwandani nikazilinganisha na karatasi zake. Niliuliza limepitia kwa nani, limewekwa wapi wakati wa joto, limewahi kuachwa kwenye gari au la. Mohsin alisema nnamhoji kama aliyekamatwa nalo. Kisha akalichomeka kwenye spika, akaninyooshea.

"Lipige."

Nikamwambia nimeshaliona, linatosha.

"Dada, hata tikiti mtu huligonga kwanza."

Akataka kulipiga yeye, angalau nilisikie. Nikasimama. Nilisema nna mkutano. Sikuwa na mkutano wowote. Nililitia kwenye mkoba wake, nikaaga, na njia nzima ya kurudi Hail nilikuwa nashukuru kwamba hakuna aliyeuona mkono wangu.

Nyumbani nilifunga mlango wa chumba nikalipiga. Vidole vitatu vya mwanzo vilipita salama. Kila kidole cha mwisho kilipogusa, uzi ulivuma. Nzi ndani ya kopo, kama ulivyosema. Na mimi, Baba, nilifurahi. Nilicheka peke yangu chumbani. Nimeuziwa gitaa bovu, shingo imepinda, kosa limepatikana na si langu. Nilibadilisha nyuzi, likavuma. Nikachukua daftari nikaandika uzi gani na chuma cha ngapi, kama ushahidi wa kumpelekea mtu.

Katika kuandika ndipo nilipokukumbuka. Miaka yako ya mwisho ya kupiga, ulisema gitaa jekundu limeharibika tena. Sote tulikubali, si lilipata joto? Ukalipeleka kwa yule fundi wa Ruwi. Alikurejeshea, akakwambia shingo imenyooka na hakuna alichokiona. Ulirudi nyumbani umekasirika, ukasema fundi yule hajui kazi, ukalipandisha juu ya kabati. Hukulishusha tena. Nililipiga mimi siku moja hupo nyumbani. Lilikuwa linalia safi.

Nililifunga daftari. Kwa siku tatu sikuligusa gitaa, na sikumruhusu mtu alishike, maana njia ya kujua ilikuwa moja tu: mtu mwengine alipige, mimi nisikilize.

Siku ya nne nilimpigia Mohsin simu, nikamwambia gitaa lina kasoro na nnataka kulirejesha. Hakubishana. Alisema niende nalo alione. Niliendesha baada ya sala ya alasiri, na njiani nilikuwa naomba. Miaka yote nimewataka watu wawe wakweli. Siku ile niliomba yule bwana awe mwongo. Niliomba awe amejua tangu mwanzo, amenichekea, amenilisha halwa na kuniuzia kitu kibovu. Ningemsamehe papo hapo.

Alilichukua gitaa, nikamsomea daftari langu. Uzi wa tatu, chuma cha saba. Akabonyeza. Uzi ukalia safi, mrefu, ukajaa chumba. Nikamwambia atumie kidole cha mwisho. Akatumia. Safi. Nikamwambia arudie. Alirudia mara tatu bila ya kuniuliza kitu, na kila mara ulivyozidi kulia vizuri ndivyo nilivyozidi kulibana daftari. Nilikuwa nasikia gitaa bora kuliko yote niliyowahi kuyasikia kwa karibu, na sikutaka kulisikia.

Akaninyooshea. Safari hii nilipiga, mbele yao wote wawili. Uzi ukavuma. Mohsin hakuliangalia gitaa. Aliuangalia mkono wangu, kisha akaangalia pembeni.

"Hizi nyuzi ngumu, dada," alisema taratibu. "N'takutilia nyembamba. Zitakuwa laini, utaona."

Ni mtu mwema. Alinifungulia mlango wa kukimbilia, nami niliuona vizuri. Ningetiwa nyuzi nyembamba, zingelia kwa miezi kadhaa, kisha ningesema na hizo mbovu, kisha ningetafuta kabati la kulipandisha gitaa juu yake.

"Sio nyuzi," nilisema. "Ni mkono wangu."

Sikuwahi kuyasikia maneno hayo kwa sauti yangu. Bi Zayana, aliyekuwa amesimama na sinia, aliliweka chini akaja kukaa karibu yangu. Akauliza tangu lini. Nikasema miezi minne. Akauliza daktari amesemaje. Nikasema bado sijamuona.

"Unangoja nini?" aliuliza, wala si kwa ukali.

Mohsin alisema kama nnataka, alichukue gitaa na anirejeshee changu chote, hakuna lawama. Nilimwambia hapana, nalichukua, ila zile nyuzi nyembamba anitilie kweli. Akacheka. Bi Zayana alimwambia afanye haraka kabla sijabadili mawazo, maana pale palipokuwa na gitaa ameshapapangia kabati.

Sasa gitaa liko hapa sebuleni, nje ya mkoba wake, mahali ambapo kila aingiaye ataliona na ataniambia nilipige. Nimeliweka hapo kwa makusudi. Nalipiga kila siku kwa vidole vitatu, na cha nne nakitumia panapobidi, uzi ukivuma uvume. Sikwambii kwamba hofu imepungua. Kabla ya kwenda kwa Mohsin nilikuwa na mambo mawili yanayowezekana, sasa nimebaki na moja, na hilo moja silijui jina. Huenda ni mshipa uliobanwa tu. Huenda ni lako.

Nimechukua miadi. Ni kesho Jumapili, saa tatu asubuhi. Mtu wa kwanza kumwambia alikuwa muuza gitaa, wewe ni wa pili, daktari atakuwa wa tatu.

Kuna jambo moja lazima ulijue kabla sijaenda. Siku tuliyotoka hospitali na jina la ugonjwa wako, tulipofika kwenye gari ulisema, "Hili libaki baina yetu. Una ndugu zako hawajaolewa." Nikakuahidi. Sikumwambia hata Mama. Ulipofariki, watu walisema uzee, na tangazo la kifo chako niliandika mimi: uzee. Katika kazi yangu yote ndiyo habari pekee niliyoitoa nikijua si kamili. Ndugu zangu wote wameshaolewa, wana watoto wakubwa, na hakuna hata mmoja wao anayejua cha kuangalia mikononi mwake. Jana nimewapigia simu mmoja mmoja nikawaambia jina la ugonjwa wako, la mkono wangu bado. Mdogo wetu alilia. Yule wa kati aliniuliza kwa nini nimekaa kimya miaka yote hii, na sikukusingizia. Nilisema ni mimi.

Kesho daktari ataniuliza kama kuna mtu kwetu aliyewahi kuwa na ugonjwa wa namna hii. Nitamwambia yuko, ni baba yangu, nitalitaja jina lako lote, na nitamwambia ulianza miaka mingapi kabla ya mtu yeyote kuuliza. Kwa kuivunja ahadi yako nakuomba radhi, na naomba unipe, kwa sababu kesho nnaihitaji.

Nakuaga hapa, Baba. Mungu aitulize mikono yako.

Binti yako mkubwa