Uso Wako, Baba, Kwenye Televisheni

Mtaa wa Tena, Nairobi
Mwanzo wa Desemba

Baba mpendwa,

Ni mimi mwanao Mutua. Goti lako linasemaje tangu mvua ianze? Sisi huku tu wazima wa mwili, ila kuna jambo linaninyima raha. Dada Kalondu, wewe unayemsomea Baba, tafadhali usiruke mahali, hata ukinionea aibu.

Baba, mjukuu wako Mwende hataki kuja Krismasi. Amesema wazi kwamba anakuogopa.

Kosa ni langu. Mwaka juzi Wazungu wawili watengenezaji filamu walikuja karakanani. Hawakuwatazama hata kidogo twiga na vifaru wangu wa kuchonga. Walitaka kinyago cha kutisha, "cha Kiafrika kabisa." Nikawaambia kwetu hatuchongi vitu hivyo. Wakanionyesha picha: pua imejaa uso mzima, midomo imevimba, macho yamemtoka mtu. Wakasema watazamaji wa kwao wasipoona hivyo hawaamini hapa ni Afrika. Loo! Badala ya kuwafukuza, nikachukua patasi.

Unakumbuka ulivyonifundisha kazi? Ulinifumbisha macho, ukaniambia nikushike uso, nitoke puani nishuke mdomoni, ndipo nichonge. Basi mkono wangu haujui uso mwingine. Nilikuza hapa na pale, nikatoa meno nje. Lakini pua ilikuwa yako.

Mwezi uliopita filamu hiyo ikaonyeshwa. Tulijazana kwa jirani yetu Mama Njoki, mwenye televisheni pekee katika ploti hii yetu ya vyumba vya kupanga, watoto wamekaa sakafuni. Mara kikatokea kinyago changu, kimevaliwa na mzee wa msituni anayekula wageni. Watoto wakapiga mayowe, kisha wakacheka. Nami nilicheka, Baba. Nilisimama kabisa nikasema, "Hiyo ni kazi yangu!"

Tangu siku hiyo watoto wanacheza mchezo wa mzee wa msitu. "Mwende, wewe ndio mzee! Si uko na ile pua!" Hapewi zamu nyingine. Wote ni weusi, wamezaliwa ploti moja, lakini lazima apatikane mmoja wa kuwa mweusi wa kutisha.

Juzi mke wangu Ndinda alimkuta nyuma ya mlango amejibana pua kwa kibanio cha nguo, machozi yanamtiririka. Eti anataka iwe nyembamba kama ya yule msichana Mzungu aliyeokolewa kwenye filamu. Nikamkumbatia, nikamwambia hiyo pua ni nzuri, ni ya babu yake. Hapo ndipo nilipoharibu kabisa.

"Kumbe yule ni babu!" akalia. "Kumbe ni babu!"

Na ni kweli, Baba.

Wale Wazungu wametuma mtu, wanataka vinyago vingine. Nimekataa. Nilichukua kipande cha mti nikajaribu kukuchonga unavyocheka, nimwonyeshe mtoto babu yake halisi. Nimeharibu vipande vitatu. Kila nikifika mdomoni, mkono unataka kutoa meno nje. Hilo limenitisha kuliko kilio cha Mwende.

Tutakuja tu, hata kama nitambeba akipiga mateke. Mpe salamu Mwaitu, mama yangu, umwambie asisonge ugali mwingi kama wa harusi. Msalimie pia mjomba wa mizinga ya nyuki, na shemeji, mume wa huyu msomaji wetu.

Mwende akijificha nyuma ya mama yake, usimkemee, Baba, na usione vibaya. Ngoja atulie. Kisha mketishe mbele yako, mwambie afumbe macho akushike uso, atoke puani ashuke mdomoni, polepole, kama ulivyonifanyia mimi.

Akimaliza, usiinuke. Naomba nami nikushike tena, maana nimesahau ulivyo.

Mwanao mwenye hamu ya kukuona,
Mutua