Koti la Kijivu Kwenye Kiti

Dada yangu mpenzi,

Pokea salamu nyingi za mdogo wako. U hali gani? Miguu bado inavimba jioni, au ile dawa ya kuchua imesaidia? Wapwa zangu wameanza kuizoea shule mpya? Mimi mwili mzima, namshukuru Mungu. Mengine utayasoma humu, na ukimaliza pengine hutataka kunijibu.

Mama amenipigia simu akaniambia umezitoa picha zote za shemeji ukutani, na kwamba umewaambia watoto baba yao alikufa akitoka kwa hawara. Ndiyo sababu naandika, maana kwenye simu ningejikanyaga.

Ofisi yetu unaijua: mafaili mpaka darini, wananchi kwenye benchi wamesinzia. Na mambo ya koti unayajua. Mtu akitaka kwenda benki, au saluni, au kujilalia kwake, anakivika kiti koti na kutokomea. Mwananchi akiuliza, jirani anamjibu bila kuinua uso kwamba yupo, katoka kidogo, kwani halioni koti lake? Leo kwako, kesho kwangu. Shemeji alikuwa na lile la kijivu lililopauka mabegani, na kwa kuwa yeye ndiye aliyeshika muhuri wa ofisi, tulimwita Mzee Muhuri.

Akaja mkurugenzi mpya, tukampachika jina Bwana Mabadiliko. Alituita kwenye semina akatutangazia kwamba kazi zote zinahamia kwenye kompyuta, na atakayeshindwa mtihani wa mwisho wa mwaka atastaafishwa. Akauliza kama kuna anayepinga. Nani aseme, dada? Tulipiga makofi mpaka viganja vikauma. Tulipotoka mlangoni kila mtu akashika lake. Kompyuta zilipoletwa, wengine walizifunika vitambaa vya kufuma. Barua tuliendelea kuandika kwa mkono, binti wa kompyuta, yule aliyeletwa pamoja nazo, akazichapa, tukazitoa kwenye karatasi, tukazigonga muhuri na kuzirudisha kwenye mafaili yaleyale. Bwana Mabadiliko akaandika kwa wakubwa wake kwamba tumebadilika.

Shemeji ndiye aliyekuwa na mdomo kuliko wote. Alisema hawezi kuiheshimu mashine isiyojua hata kusalimia watu. Tulicheka mpaka machozi. Lakini tukaanza kuona kwamba kila mchana koti liko kitini, mwenyewe hayupo, na binti wa kompyuta naye hayupo. Watu wakaunganisha. Karani wa mapokezi akakuletea umbea mpaka mlangoni, na ulipomuuliza mumeo akageuza mazungumzo. Ukaniambia lisemwalo lipo. Mimi, nduguyo, sikubisha.

Siku ile ya msiba binti alikuwa ametumwa makao makuu, ila hakuna aliyejisumbua kuliwaza hilo. Tuliona koti, tukasema ni yaleyale. Ulipopiga simu mchana kwamba hapokei, nilikujibu katoka kidogo. Ulipopiga tena jioni nikakujibu hivyohivyo, na nikasikia jinsi ulivyovuta pumzi.

Hakutoka, dada. Mlinzi alipokuwa akifunga milango aliona taa inawaka kwenye stoo ya mafaili ya zamani, kule mwisho wa korido. Shemeji alikuwa sakafuni, upande mmoja umekufa ganzi, mbele ya kompyuta kuukuu iliyotupwa humo. Alikuwa bado anapumua. Alikata roho tukiwa njiani kwenda hospitali. Daktari alisema ni kiharusi, na kwamba angewahishwa mchana, pengine tungekuwa tunaongea mengine.

Binti aliporudi alilia mpaka akatapika. Alieleza kwamba shemeji alimwomba amfundishe kwa siri, kila mchana, humo stoo. Baada ya maneno yote yale aliona haya kuonekana anatafuta herufi kwa kidole kimoja mbele ya watoto wa jana. Wewe hakukwambia kwa sababu alitaka afaulu kwanza, aje akutambie. Aliogopa kustaafishwa watoto wakiwa bado wadogo. Binti anasema alikuwa amebakiza kidogo sana.

Utauliza mbona tulikwambia alianguka mtaani. Bwana Mabadiliko alituvuta pembeni palepale hospitalini. Alisema ikijulikana mtumishi kalala sakafuni mchana kutwa na ofisi nzima haina habari, hakuna atakayebaki na kazi. Kwa hiyo kaanguka mtaani, funika kombe mwanaharamu apite. Akauliza kama kuna anayepinga. Hakuna. Kompyuta zilitushinda mwaka mzima, lakini hilo tulilikubali tukiwa tumesimama.

Sasa limebaki moja, na hili halijui mtu. Siku ile shemeji hakuacha koti kitini. Lilikuwa kabatini. Mchana Bwana Mabadiliko alifanya ukaguzi wa ghafla, na kwa kila kiti kitupu alimtuma mlinzi akamtafute mwenyewe chumba kwa chumba, mpaka vyooni, mpaka stoo. Nilipoona mkurugenzi anakaribia kiti cha shemeji nililichomoa koti kabatini, nikalitundika. Alipofika nikamwambia yupo, katoka kidogo. Akapita.

Nilidhani namsitiri yeye, na wewe nakuepushia aibu. Mungu wangu! Nilimsitiri mpaka akafa.

Usidhani tumejifunza. Kiti chake wamempa mwingine. Jana mwananchi aliniuliza mwenye kiti hicho yuko wapi, na mdomo wangu, dada, ulijibu wenyewe.

Nisalimie mama, wabusu wapwa zangu, na uwaambie baba yao alikuwa kazini. Koti nimelifua, mleta barua hii atakukabidhi. Mrudishe shemeji ukutani. Ukikosa nafasi ya kumtundika, itoe picha yangu.

Ni mimi,
mdogo wako.