Baba Koku, Mwanao Ameandikiwa Dawa za Hofu

Koku ameandikiwa dawa za akili, Baba Koku, na leo ni siku ya tisa hajameza hata kidonge kimoja, kwa sababu ananisubiri mimi niseme ndiyo.

Nimekurushia habari kabla ya salamu, nisamehe mume wangu mpendwa. Nakusalimu huko uliko, chini ya migomba ya baba yako. Sisi huku Kashozi tunapumua. Kahawa imechumwa, bati la jikoni nimebadilisha, linang'aa mpaka wapita njia wanageuka. Lakini mezani, karibu na picha yako, kuna kiboksi kidogo cheupe, na mimi nakipita kwa mbali kama mbwa wa watu.

Acha nikueleze. Mwanao sasa ni mkuu wa idara ya sayansi kwenye sekondari moja kule Muleba. Miaka ishirini na tisa! Katika ukoo wako wote nionyeshe mwingine. Nilipopata habari kwamba atazungumza kwenye kikao cha wazazi, nikapanda basi nikaenda, na wala sina mwanafunzi pale. Nilivaa kitenge kipya, nikakaa mstari wa mbele, nikawaambia wa kushoto na wa kulia, "Yule atakayesimama ni wangu."

Akasimama. Akafungua mdomo, hakikutoka kitu. Akapita katikati ya watu, akatoka nje. Nilimkuta nyuma ya tangi la maji, amechuchumaa, ameshika kifua, anahema kama mtu aliyeopolewa ziwani. Akaniambia, "Mama, nakufa." Unajua mimi mama yake nilimjibu nini? Nilimwambia, "Inuka, watu wanatazama."

Maneno hayo unayajua, nilikuambia na wewe. Ilikuwa siku ya komunyo ya kwanza ya Koku, nikakukuta nje ya kanisa umejibandika ukutani, koti limelowa jasho. "Nikiingia humo nitakufa," ulisema. Nikacheka. Nikasema watu wanatazama, nikakuvuta mkono mpaka ndani. Baada ya misa ulikunywa mpaka ukabebwa. Tangu hapo kila penye watu ulipitia kwanza kwenye chupa: harusi, msiba, hata kikao cha ushirika. Watu wakasema unapenda pombe. Mimi nikawajibu, "Mwanamume asiyekunywa ni mwanamume gani?" Mdomo wangu huu, Baba Koku.

Hospitali Bukoba walimpima Koku moyo, wakasema moyo hauna kitu, wakampa na ruhusa ya kupumzika kwangu. Daktari, mama mmoja mpole, akaanza kumuuliza. Darasani unakuwaje? Sokoni? Simu ikiita? Koku anajibu, na mimi nimekaa pale nasikiliza habari za mtoto nisiyemjua. Kumbe akiwa ndani ya gari hushuka pale mtu mwingine anapoomba kushushwa, kisha anatembea kwa miguu, kwa sababu hawezi kupaza sauti akamwambia kondakta. Mwalimu mzima! Akasema hofu hiyo anayo tangu yuko kwangu, mtoto mdogo.

Unakumbuka alivyokuwa akiwapelekea wageni kahawa ya kutafuna? Kikapu kidogo mikononi, anapiga magoti, macho chini, sauti huisikii. Wageni wakimsifu mimi navimba: "Huyu nimemlea mwenyewe. Hana macho makavu kama hao wenu." Kijiji kizima nilikitangazia adabu ya Koku. Kumbe kabla ya kuingia sebuleni alikuwa akitapika nyuma ya jiko. Wewe ulimwona siku moja, ukaniambia polepole, "Mtoto huyu anaogopa." Nikasema ni minyoo. Nikampa dawa ya minyoo kila likizo, miaka yote ile, sikumuuliza daktari wala padri. Leo imekuja dawa iliyoandikwa na daktari, ndiyo inanitia baridi.

Daktari alieleza vizuri, siwezi kumsingizia. Alisema vidonge hivi havimgeuzi mtu kuwa kichaa. Wiki za mwanzo vinaweza kumvuruga tumbo na usingizi, nafuu huja taratibu, na asiviache ghafla bila kurudi kwake. Tena atakuwa akienda kuzungumza na mshauri. Mwisho akasema uamuzi ni wa Koku mwenyewe. Koku akanitazama mimi. Nikasema, "Kwanza tusali." Novena, sala zetu za siku tisa, imekwisha leo.

Juzi alikuja dada yako Paulina, akakiona kiboksi. "Dawa za vichaa hizi! Sasa huyu nani atamwoa?" Si unanijua? Nikamwambia, "Wewe uliolewa bila dawa, mbona ulirudi kwenu?" Akaondoka amenuna, hata chai hakumaliza. Lakini alipofika barabarani tu, mimi nikamgeukia Koku nikasema yaleyale ya Paulina kwa sauti ya chini: "Mwanangu, ukivizoea je? Watu wakijua je?"

Koku hakuinua sauti. Alisema, "Mama, Baba naye alikuwa na dawa yake. Ilikuwa kwenye chupa, na hakuna daktari aliyempimia."

Nikamwambia afunge mdomo. Kisha nikaja kibanjani, hapo kwenye migomba ulikozikwa, nikakaa karibu nawe mpaka miguu ikafa ganzi. Miaka sita nawaambia watu kwamba ulikufa kwa ini, kana kwamba ini liliamka asubuhi moja likakasirika lenyewe. Mara ngapi uliniambia moyo unakukimbia? Nilikuwa nahesabu wageni.

Nimeiacha kalamu kidogo, Baba Koku. Nimerudi.

Nimemkuta Koku jikoni anamenya ndizi. Nikamuuliza, "Wewe mwenyewe unataka nini? Niondoe mimi, mwondoe na shangazi yako."

Kisu kiliendelea. Akasema, "Nataka kujaribu. Naviogopa, Mama, ila kuishi hivi naogopa zaidi."

"Basi jaribu. Na kwa daktari tutakwenda wote."

"Na watu wakikuuliza?"

"Nitawaambia. Lini umeniona nimekosa la kusema?"

Akacheka kidogo, kicheko chako kile cha puani. Nikamletea kiboksi, nikamletea na maji kwenye kikombe chako. Akameza. Nikabaki nimemkodolea macho nikingoja kitu kitokee. Hakikutokea kitu. Aliendelea kumenya ndizi.

Sijui kama vitamsaidia. Huenda daktari akavibadilisha, huenda akaumwa kwanza, huenda tukarudi palepale nyuma ya tangi. Naogopa, mume wangu, na sijazoea kuandika neno hilo. Ila yeye nimemuuliza anataka nini. Wewe sikukuuliza hata siku moja.

Haya yote Koku ameniruhusu kuyaandika, hata wengine wakiyasoma.

Sasa kuhusu misa yako ya mwaka huu. Paulina alishapanga Koku ndiye atoe neno la familia mbele ya ukoo mzima. Nimekataa. Nitasimama mimi, na safari hii sitasema ini peke yake. Koku nimemwekea kiti karibu na mlango. Akitaka kutoka atatoka, na atakayegeuza shingo kumtazama atakutana na mimi.

Pumzika, Baba Koku. Siku ile pale ukutani ulitaka nikushike mkono, mimi nikakuvuta. Nisamehe kwa hilo kuliko yote. Ukoo nimeshautumia ujumbe, wa Bukoba na wa Muleba, waje wote nyumbani kwenye misa yako, Jumamosi ya kwanza ya Novemba, saa nne asubuhi.

Mkeo,
Mama Koku