Mshale Uliotoboa Tangi la Jirani

MAELEZO YA SHAHIDI

Jina: Baba Pacha, kama ninavyofahamika mtaani
Umri: miaka 51
Kazi: fundi wa kushona viti vya magari
Makazi: nyumba ya pili kutoka uwanja wa kulenga shabaha

Mimi ni mume wa Mama Pacha, mwenye mshale ulioletwa hapa kituoni. Aliacha mchezo wa upinde tulipopata pacha wetu, na upinde ukakaa juu ya kabati miaka kumi na miwili. Mwaka huu watoto wameenda shule ya bweni, naye akaushusha, akaufuta vumbi, akaniambia, "Narudi uwanjani." Nilifurahi kuliko yeye.

Afande ameniambia nifupishe, lakini habari ya kifyatuo lazima iandikwe. Ni kile kichuma cha mkononi kinachoshika kamba. Ukibonyeza kitufe, kamba inaachiwa na mshale unaondoka. Chake cha zamani, cha kufunga kwenye kifundo cha mkono, kiliufanya mkono wake upitilize sikio, na mishale ikawa inatawanyika. Kocha wa klabu yake akamjaribisha vingine, mpaka akapata kifupi cha kushika kwa vidole, chenye kitufe cha kidole gumba. Wakarekebisha urefu wa mvuto wa upinde ulingane nacho, kamba ikawa inagusa pembe ya mdomo wake palepale kila anapovuta. Kisha akakilegeza kitufe kidogo kidogo mpaka kikamtii. Baada ya hapo mishale ilisongamana kwenye duara la njano la katikati ya shabaha hadi ikakwaruzana. Wateja wangu wote nimewaonyesha picha, hata wasiouliza.

Mnamo tarehe 14, siku ya Jumapili, saa kumi na moja jioni, tulikuwa uwanjani wawili tu. Mama Pacha alikwenda getini, ambako mtandao unashika, kupokea simu ya watoto. Akaweka upinde kwenye stendi yake, kifyatuo kikining'inia kwenye kamba, akasema, "Baba Pacha, usiguse. Hicho kitufe nimekilegeza kwa kidole changu, si chako."

Nikamjibu, "Nani aguse?"

Niligusa. Nilitaka kujua anachosikia yeye. Nilipachika mshale, nikavuta, upinde ukagoma. Mimi huyu ninayevuta ngozi za viti kutwa! Nikauinua juu ili nipate nguvu, jambo ambalo kocha huwakataza wageni tangu siku yao ya kwanza. Gumba likaegemea kitufe. Mshale ukaruka ukuta, nikasikia plastiki ikipasuka, kisha maji. Nikarudisha upinde haraka kwenye stendi.

Mzee wa nyumba ya nyuma alichungulia juu ya ukuta akiwa ameloa. "Wa nani huu?"

Mama Pacha alikuwa amesharudi. Alinitazama usoni, akajibu, "Mshale ni wangu."

"Mama, umri umekwenda," mzee akasema. "Kulenga waachie vijana."

Alianza kukusanya mishale yake. Nami nikanyamaza, afande, na hilo linaniuma kuliko tangi.

Jumatatu klabu ilimsimamisha mpaka suala hili liishe, na mashindano yake ya kwanza tangu arudi ni kesho. Leo asubuhi amekuja hapa, akasema tena mshale ni wake, basi. Yuko pale kwenye benchi la nje. Anadhani nimekuja kumsindikiza tu.

Naomba iandikwe hivi hivi: mke wangu hakukosa shabaha. Hawezi kukosa namna ile hata akifungwa macho. Upinde ulionishinda mimi, yeye anauvuta jioni nzima halafu anarudi nyumbani kunitania. Tangi nitalipa. Mkono uliokosea ni huu ninaotia nao sahihi.

Hayo ndiyo niliyokuja kuyasema. Nimesomewa, na ni maneno yangu.

Sahihi ya shahidi: (imetiwa)

Kumbukumbu ya ofisa: Nimemweleza kuwa kwa maneno haya yeye si shahidi tena, bali mtuhumiwa. Aliuliza kama mkewe yuko huru kwenda mazoezini. Nilipomjibu ndiyo, alichomoa mfukoni kifyatuo cha mkewe, alichokichukua nyumbani, kikiwa kimefungwa kwenye kipande cha ngozi, akaomba apelekewe mkewe pale benchini. Alisisitiza nimwambie kwamba safari hii kitufe hajakigusa.